Wiki yangu ya mapumziko, na barabara inapita karibu na kwa wakwe

Shikamoo Mshauri,

Naishi Dar es Salaam, nashona sare za shule hapa hapa nyumbani. Mume wangu ni mwenyeji wa Njombe, ana kazi ya ofisini. Tuna binti wa miaka 12 na mdogo wake wa kiume wa miaka 9. Ndoa yetu ina amani, si mlevi, si mkali, mshahara unafika nyumbani. Nakuandikia kwa sababu ya safari ambayo hata haijaanza, na tayari imetufanya tulale tumegeuziana migongo.

Tangu tuoane, likizo zetu zote huishia kwa wakwe. Sisemi ni watu wabaya. Baba mkwe ananipenda, na mama mkwe hajawahi kunitolea neno la kuniumiza. Lakini mwanamke mwenzangu atanielewa nikisema kwamba kwa wakwe sipumziki. Naamka kabla hakujakucha, maji ya kunawa yana baridi ya Njombe unayoifahamu, jikoni kuni za miwati bado mbichi na moshi wake unaumiza macho. Wageni wanaanza kuingia asubuhi kumsalimia kijana wao, na kila anayeingia lazima anywe chai, na akichelewa kuondoka lazima ale. Mume wangu yuko nje na wazee, wana ulanzi wao, ile pombe ya mianzi, wanazungumza. Jioni ananiuliza mbona nimenuna. Mara ya mwisho tulikuta baba mkwe ana ugomvi wa mpaka wa shamba na mdogo wake, likizo yote ikawa vikao. Watoto walishinda ndani wamejikunyata kwa baridi. Hata maporomoko ya Luhuji, ambayo yako pale pale Njombe mjini, hawakuyaona.

Binti yangu alirudi shuleni siku moja anasema mwalimu amewaambia iko hifadhi ya Tanzania ambayo watu wanakwenda kuangalia maua. Si simba, si tembo, maua. Hakutuacha tukala kwa amani mpaka tukaulizia, ndipo tukaambiwa ni Kitulo. Nikaanza kuweka fedha ya ziada kwenye kikoba chetu. Kinavunjwa mwanzoni mwa Desemba, shule zikiwa zinafungwa. Ada na madaftari ya Januari nimevitenga pembeni, havimo kwenye hesabu ya safari.

Mpango niliuandika mwenyewe kwenye daftari langu la vipimo vya wateja, upande mmoja vifua na mabega ya watu, upande wa pili majina ya miji. Siku ya kwanza Dar hadi Mikumi. Ya pili Mang'ula, tupande maporomoko ya Sanje katika Hifadhi ya Milima ya Udzungwa. Ya tatu Iringa, watoto waone nguzo za Isimila. Ya nne Chimala, tupande mlima hadi Matamba. Ya tano kutwa nzima Kitulo. Ya sita tushuke Mbeya, tufike Tukuyu tuone Daraja la Mungu. Ya saba turudi Dar. Mume wangu aliusoma akacheka kwa furaha, akapeleka Noah yetu kwa fundi ikafungwa breki na shokapu mpya.

Kisha wifi yangu akasikia. Sijui nani alimwambia. Keshoye baba mkwe akapiga simu, anasema amefurahi sana, kuna beberu ameshamtenga. Kuanzia siku hiyo mume wangu amebadilika. Anasema hawezi kufika Makambako akanyoosha kwenda Mbeya kama dereva wa lori wakati baba yake yuko kilomita 60 na kidogo kutoka pale. Anataka tukae nyumbani usiku 4. Nikamuuliza, na Kitulo je? Akasema, "Hayo maua hayahami, tutayaona siku nyingine."

Niliumia. Nikamwambia basi tusiseme kitu, tupite kimya kimya, tuzime simu, tukishafika Dar tuwaambie safari iliahirishwa. Akanitazama kwa muda, akasema, "Unataka niwafundishe wanangu kumkimbia babu yao?" Hilo neno halijanitoka moyoni. Niongeze kwamba baba mkwe alipata kiharusi kidogo, sasa anatembea kwa fimbo na mkono wa kushoto hauna nguvu.

Je, ni ubinafsi kutaka wiki moja tu ya mimi, mume wangu na watoto wangu ndani ya gari? Nikikubali, najua nitaishia jikoni. Nikikataa na mzee akapatwa na lolote, nitanyooshewa kidole maisha yangu yote. Tuahirishe? Niende na watoto peke yangu? Au nikubali tu, kama kawaida?

Mama Wawili,
Dar es Salaam


MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, Mama Wawili.

Nimeirudia barua yako, na kila nikiirudia nasimama pale unaposema kwamba kwa wakwe hupumziki. Nitaanzia hapo kwa sababu nadhani ndipo penye kidonda, na nadhani mume wako hajawahi kuambiwa jambo hili kwa maneno. Ameona umenuna, akauliza kwa nini umenuna, na nakisia jibu lako lilikuwa "sina kitu". Yeye anaposema likizo ya nyumbani, anaona baraza, wazee, lugha aliyokulia, salamu ya "kamwene" kila anapogeuka. Wewe ukisikia maneno hayo hayo unaona sufuria la chai lisiloepuliwa. Mmekuwa mkienda mahali pamoja na kurudi mmetoka sehemu mbili. Kwa hiyo swali lako la ubinafsi, mwanangu, naona si ubinafsi. Mtu anayeshona mwaka mzima, akaweka akiba kidogo kidogo, akatoa ada ya watoto kwanza kisha ndipo akapanga safari, ana haki ya kuitamani safari hiyo kwa moyo wote.

Jinsi unavyolieleza jambo, upande mmoja kuna Kitulo na wiki yako, upande mwingine kuna Njombe inayokuja kuila. Nataka tuliangalie hilo taratibu, na tuanze na lile daftari lako, maana barabara hiyo naifahamu.

Siku yako ya saba umeandika "turudi Dar". Kutoka Tukuyu hadi Dar ni karibu kilomita 900. Dereva ni mmoja. Barabara ni ile ile ya malori ya Zambia na Kongo, na kila penye makazi mwendo ni kilomita 50 kwa saa, matuta hayahesabiki, na trafiki wapo. Mlima Kitonga, hapo kati ya Ruaha Mbuyuni na Ilula, lori moja likiharibika kwenye kona mnaweza kukaa hapo mpaka jua lizame. Na mkishavuka Kitonga bado hamjafika Mikumi, ambako barabara kuu inakatiza hifadhi kwa takriban kilomita 50. Mchana watoto watafurahi kuona swala na twiga bila kulipia. Usiku, dereva aliyechoka na nyati aliyesimama gizani katikati ya lami ni jambo ambalo sitaki hata kulifikiria watoto wako wakiwa ndani. Ukimgonga mnyama kuna faini pia, lakini faini ni dogo katika hayo.

Kurudi kwenu kunahitaji siku 2, na kulala mahali njiani. Kwa hiyo kabla baba mkwe hajadai hata saa moja, wiki yako imeshapungua. Mmekuwa mkigombania siku ambayo haikuwepo. Nasema hivi nikijua itakuuma, kwa sababu ulipanga kwa mapenzi, lakini naona pia ina nafuu ndani yake. Kuna kitu kitatoka kwenye orodha hata kama Njombe isingekuwepo duniani. Kipi? Tukuyu? Isimila? Mang'ula? Mume wako akiulizwa swali hilo, huenda mkajikuta mnapunguza orodha mkiwa upande mmoja.

La pili ni Chimala. Njia ya kupanda kutoka Chimala kwenda Matamba ina kona zaidi ya 50 zinazojikunja moja juu ya nyingine, na ni nzuri kupita maelezo. Ukigeuka nyuma unaliona bonde lote la Usangu chini yako. Lakini maua ya Kitulo yanafuata mvua. Yanaanza kujitokeza Novemba na Desemba, yanaendelea hadi Aprili hivi, na mvua hizo hizo ndizo zinazolainisha udongo. Noah ya matairi mawili ya kuvuta, imejaa watu na mizigo, kwenye tope la mlimani, si jambo la kujaribia bahati. Wapo wanaoacha gari chini Chimala na kukodi gari la juu la wenyeji wa huko. Ulizia bei mapema, uiingize kwenye hesabu.

Na kuna njia nyingine ya kwenda huko, ambayo sijaiona kwenye daftari lako. Njombe hadi Makete sasa ni lami, kilomita 107 na kitu, kupita kwenye misitu ya kupandwa na mashamba ya viazi. Kutoka Makete kuelekea hifadhini bado ni lazima uulize hali ya njia siku hiyo hiyo, lakini sehemu kubwa ya mlima utakuwa umeshaupanda kwa lami. Sikuambii haya ili nikurudishe ukweni kwa mlango wa nyuma. Nakuambia kwa sababu uliichagua Chimala ili kuikwepa Njombe, na sijui kama ulipochagua uliilinganisha barabara na barabara.

Sasa lile wazo la kupita kimya kimya. Naelewa lilitoka wapi. Ulisema ukiwa umeumia. Hebu tulitazame lilivyo. Siri hiyo itawahitaji watu wanne, na mmoja wao ana miaka 9. Babu atapiga simu Krismasi, mtoto atasema, "Babu, tuliona maua, kulikuwa na baridi!" Ama atasema, ama mtakuwa mmemkalisha chini na kumfundisha asiseme. Nadhani hicho ndicho mume wako alichokisikia, ingawa alikijibu kwa neno kali kuliko ulivyostahili. Na wewe mwenyewe, je, ungeweza kutembea kwenye yale maua ukiwa na amani, simu imezimwa mfukoni, mzee wa kiharusi anasubiri na beberu wake? Huenda ungeweza. Jiulize tu kabla hujaamua, maana hiyo ndiyo sehemu ya safari uliyokuwa unailinda.

Katika barua yako yote, mwanangu, sijaona mahali ambapo mtu amemwambia baba mkwe siku mnazoweza kukaa. Wifi amesikia, mzee amefurahi, beberu ametengwa, mume amebadilika, wewe umeumia. Mzee mwenyewe hajaambiwa kitu na yeyote. Unaamini kwamba mkikanyaga ua wake wiki imekwisha, na una sababu ya kuamini hivyo, kwa sababu huko nyuma mlikuwa mnakwenda bila tarehe ya kuondoka. Mgeni asiyetaja siku ya kuondoka, mwenyeji hawezi kumpangia. Lakini mzee akiambiwa mapema, "Baba, tunaingia Jumatano jioni, Ijumaa asubuhi tunaondoka, tunawapeleka watoto Kitulo," atasemaje? Mimi sijui. Na wewe hujui. Huenda atakasirika. Huenda atasema beberu achinjwe Alhamisi.

Mtu wa kuyasema hayo kwa baba ni mume wako. Hili nalisisitiza. Mkamwana akitaja siku za kuondoka ataonekana anakimbia, mtoto wa nyumba akitaja ataeleweka kwamba ana ratiba. Usikubali kubebeshwa mzigo huo, na usijitwike mwenyewe kwa sababu yeye anachelewa.

Kuhusu yeye, naomba umtazame tena. "Hayo maua hayahami" ni maneno mabaya kumwambia mtu aliyeweka akiba kwa ajili ya maua, na nadhani anapaswa kujua yalikuchoma. Lakini mtu huyo alisoma mpango wako akacheka kwa furaha, akaipeleka gari kwa fundi. Aliitaka safari. Kilichombadilisha ni sauti ya baba yake kwenye simu. Mzee akishapata kiharusi, hata kidogo, mtoto wake wa mbali huanza kuhesabu kimya kimya, na wanaume wengi hesabu hiyo hawaisemi, wanaisema kwa kudai usiku 4. Umewahi kumuuliza anaogopa nini? Usimuulize kwa nini anataka kwenda. Muulize anaogopa nini.

Njia zilizo mbele yenu ni kadhaa, na kila moja ina gharama yake.

Mnaweza kuanza na Njombe. Dar mnaondoka alfajiri, mnalala Iringa, kesho yake mnaingia nyumbani mchana, mnakaa usiku 2, kisha Makete na Kitulo, kisha mnarudi. Hapo Udzungwa inatoka, au inabaki kama kituo cha kurudi. Faida ni kwamba mzee anapata heshima yake kwanza na baada ya hapo moyo wa mume wako unakuwa mwepesi njia nzima. Hatari yake unaijua kuliko mimi. Mkiwa ndani, ni vigumu kutoka. Atatokea shangazi wa Ludewa ambaye lazima asubiriwe, au msiba wa jirani. Njia hii ina maana pale tu mume wako anapokuwa na ujasiri wa kusema "tunaondoka" mbele ya wazee, na wewe unamjua kama anao.

Mnaweza pia kuanza na maua na kumalizia kwa wazee. Mnakwenda Kitulo moja kwa moja, mnashukia upande wa Makete, mnaingia Njombe wakati wa kurudi. Wiki yako inakuwa imeshakuwa yako, na kwa wazee mnakwenda mna hadithi ya kuwasimulia. Likizo ya mume ikikaribia kwisha, tarehe ya kazini inakusaidia kuondoka bila ugomvi. Upande mbaya ni kwamba wazee watajua mlizunguka kwanza. Wengine hilo haliwapi shida, wengine linawauma miaka. Na mkikwama kwenye tope siku moja, siku itakayokatwa ni ya baba mkwe, na hapo mume wako ataumia kweli.

Kuna wazo jingine ambalo huenda usilipende, nami silisukumi. Noah ina viti. Mama mkwe amewahi kufika Kitulo? Wazazi wengi wa Nyanda za Juu wameishi jirani na hifadhi hizi maisha yao yote na hakuna aliyewaambia "Mama, twende". Ungemwona nje ya jiko lake, na yeye angekuona nje ya jiko lake. Lakini kule ni mita 2,600 juu, ni baridi hata jua likiwa linawaka, na mzee mwenye kiharusi hawezi kuachwa peke yake wala sidhani angefaa kubebwa hadi huko. Na zaidi ya yote, wewe ulitaka watu wanne ndani ya gari. Ukimchukua mama kwa ajili ya kuonekana mwema, utarudi Dar na kinyongo kipya. Fanya hivyo ikiwa tu wazo lenyewe limekufanya utabasamu ulipokuwa unalisoma.

Kuahirisha nako kuna bei. Likizo ya Juni barabara ni kavu na Noah itapita bila shida, lakini maua mengi yatakuwa yamekwisha na usiku wa Kitulo wakati huo huleta jalidi juu ya majani. Februari na Machi maua yamejaa, watoto wako darasani. Kwa binti yako, Desemba ndiyo nafasi. Au mnaweza kuelekea kaskazini mwaka huu, Lushoto na milima ya Usambara, mkamalizia Mkomazi, ambako Njombe haiko njiani na hakuna anayeweza kusema mmempita. Ni safari fupi na nzuri sana. Ila haitamwona baba mkwe, na huenda ukagundua kwamba ulichomkatalia mume wako si siku, ni baba yake, na atakisikia hivyo.

Kwenda peke yako na watoto kwa basi kunawezekana, wanawake wanafanya. Wewe unafahamu zaidi kama nyumba yenu inaweza kubeba picha hiyo, baba Njombe na mama Kitulo, watoto wakiwa katikati wanajua kwa nini.

Nimesikia pia watu wakiwaita wazazi wakutane Makambako, wale chakula cha mchana hotelini, kila mtu aendelee. Kumpandisha mzee mwenye fimbo kwenye basi aje stendi kuonana na wajukuu zake, mimi nisingethubutu.

Chochote mtakachochagua, ikiwa nyumbani mtaingia, jiko lizungumzwe Dar, si kule. Mume wako ajue, kwa maneno yako, kuanzia asubuhi hadi usiku unafanya nini. Kuna vitu vidogo vinavyobadilisha siku nzima: kumlipa binti wa jirani asaidie kuni na vyombo, kufika na sukari, majani ya chai na mikate ya kutosha ili usiwe unatuma watu dukani, na mume kuahidi kwamba Alhamisi saa 4 asubuhi anawachukua nyinyi watatu kwenda Luhuji hata kama wazee wanakaa kikao. Ugomvi wa shamba ukiibuka, anaweza kusema atarudi kwa ajili yake peke yake. Kulala gesti mjini wakati nyumbani kuna vitanda kungekupa usingizi, lakini nadhani unajua kungezungumzwa vipi. Na mzungumze mapema pia jambo gumu: mzee akizidiwa mkiwa pale, mtafanya nini? Hilo nadhani jibu lake mnalo nyote wawili, na lisemwe ili lisije likaonekana baadaye kama ushindi wa mtu.

Kuhusu maua yenyewe, mwambie binti yako mwalimu hakukosea. Wenyeji wanaiita Bustani ya Mungu. Ilitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, eneo la kilomita za mraba 413 hivi, na kuna aina 45 za okidi zinazoota ardhini. Okidi hizo zilikuwa zinachimbwa mizizi na kuuzwa Zambia, ambako hutengenezwa chakula kiitwacho chikanda, na hilo ni mojawapo ya mambo yaliyosukuma eneo hilo lilindwe. Mfundishe ainame chini badala ya kutazama mbali. Nyingi ni ndogo, zimejificha kwenye nyasi, na aliye na haraka anazikanyaga. Bebeni masweta ya kweli, viatu vya kufunga, na vitambulisho vyenu ili mlipe kiingilio cha raia. Malipo ya hifadhi hayafanyiki kwa noti mkononi, kwa hiyo simu iwe na salio kabla hamjapanda mlimani, maana juu kule mtandao unakuja na kuondoka.

Usimpe mume wako jibu la ndiyo wala hapana bado. Mpe lile daftari na kalamu. Kila mmoja aweke alama kwenye jambo moja ambalo likitolewa safari si safari tena kwake. Labda lako ni Kitulo, labda kumbe ni usiku mmoja tu ambao hakuna mgeni wa kupikiwa. La kwake labda ni usiku 4, labda ni mchana mmoja wa kukaa karibu na baba yake bila kuangalia saa. Sitaki kukuamulia, na sidhani ungefurahi nikikuamulia. Ila mkishapata tarehe zenu, simu ya Njombe apige yeye, wewe ukiwa umekaa pembeni yake, kabla ratiba haijapangwa na watu ambao hawatakuwamo kwenye gari.